Musa alisoma mara mbili
Andiko: Matendo ya Mitume 7:20-36

 

Mzazi mmoja alituuliza kwa uchungu: «Mchungaji, tunalipa iniversite ili mtoto aache jembe. Kwa nini mnamrudisha kijijini?» Neno hilo ni zito. Tunajua mama wanaouza makala gunia kwa gunia ili mtoto asome.

Tumtazame Musa. Stefano anashuhudia kwamba alifundishwa hekima yote ya Misri. Lakini alipotaka kuwasaidia ndugu zake, aliua mtu, nao wakamkataa. Ndipo alipokaa Midiani miaka 40, akichunga kondoo wa mkwe wake. Ile ilikuwa shule yake ya pili.

Sisi pia tulikosea. Tulipopeleka wanafunzi mara ya kwanza katika kijiji kimoja upande wa Kapolowe, walifundisha watu kuchemsha maji ya kunywa. Fundisho lilikuwa la kweli, nusu yake kwa Kifaransa. Mama mmoja mzee akauliza: «Wanangu, kuni za kila siku nani atatafuta? Na mbona hamjaona kwanza chemchemi yetu?» Kimya. Hata sisi wachungaji tulikosa jibu.

Kesho yake akatuongoza hadi chemchemi. Mvua ilishusha uchafu ndani, na mbuzi walikunywa humo. Vijana wakashika jembe, wakachimba mfereji upande wa juu, wakazungusha uzio. Wenyeji wakawaonyesha miti isiyoliwa upesi na mchwa. Jioni, tukila bukari, kijana aliyefundisha jana alikiri: hakuna profesa aliyemwuliza swali gumu kama lile la mama.

Kumbukeni Burton, aliyefika Mwanza, inchi ya Waluba, mwaka 1915. Alikuwa injinia, lakini ilimbidi ajifunze Kiluba kwa wenyeji, kama mtoto.

Wazazi, msiogope. Jembe la juma mbili halitamnyang'anya mtoto diploma. Kesho akiwa munganga au mkubwa wa kazi, atauliza kabla ya kuamuru, na watu wenu watapona kwa sababu hiyo. Likizo kubwa ikifika, mruhusuni aende.

Tuombe: Bwana, uliyewapa watoto wetu elimu, uwape na masikio. Amina.