Kabla ya Kulipia Kicheza Video

Msikilizaji wetu wa Kitale, nawe wa Bungoma: ukienda kununua kicheza video cha mkononi, beba memori kadi yenye faili zako mwenyewe, za harusi au mahubiri, uzijaribu palepale dukani. Usiamini tu ukubwa ulioandikwa kwenye boksi. Zipo kadi bandia zinazojionyesha kuwa za GB 128 ilhali nafasi halisi ni ndogo mno. Ikijaa, picha za mtoto wako zinapotea, na hilo linauma. Tena, vifaa vingi vya zamani husoma mfumo wa FAT32 pekee, usiopokea faili moja ya GB 4 au zaidi. Nayo diski ya kuzunguka (hard disk) hubeba mengi, lakini ikianguka kutoka kwa bodaboda huharibika upesi. Kwa safari, chagua flashi. Nakala ya pili ibaki nyumbani.