Asali Nayo Ni Sukari

(Muziki wa kufungulia unasikika, kisha unashuka taratibu.)

Hapa ni Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, na hiki ni kipindi chetu cha afya.

Leo sina mgeni studio. Nimekuja peke yangu, kwa sababu jambo la leo limetokea nyumbani kwetu, na kosa nililifanya mimi mwenyewe.

Mama yangu ana kisukari. Siku alipoambiwa na daktari, mimi nilikuwa nimemsindikiza. Tulielezwa mambo mengi, lakini nilishika moja tu: aache sukari. Sasa, mama ni mtu wa chai. Tangu kule Kongo anakunywa chai ya rangi vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vinne. Wiki ya kwanza bila sukari aliacha hata kula vizuri. Nikamhurumia. Nikauliza watu, nao wakaniambia: mnunulie asali. Asali haidhuru, inatoka kwa nyuki, haijapita kiwandani. Na unajua asali ya huku Kigoma ilivyo nzuri. Nikatoa pesa ya kibarua changu, nikanunua chupa nzima.

Mama alifurahi, akanibariki. Akaweka vijiko vinne kama zamani, tena vya kujaa.

Baada ya wiki chache akaanza kuamka usiku kwenda chooni mara nne, mara tano. Choo kiko nje, giza, na ilikuwa miezi ya mvua. Usiku mmoja akajikwaa kwenye jiwe, kidole cha mguu kikachubuka. Hakusikia maumivu. Hakutuambia kitu, kwa sababu hata yeye hakujua. Tulikuja kuona kidonda siku mdogo wangu alipokuwa akimwosha miguu, na kilikuwa kimeshaingia ndani.

Kwenye kituo cha afya nesi akampima, akatazama kile kipimo, akauliza: "Mama, unakunywa nini nyumbani?" Mama akajibu kwa fahari: "Sukari niliacha. Natumia asali. Mwanangu huyu ndiye aliyeninunulia." Nesi akanigeukia, akasema kwa upole: "Mdogo wangu, asali nayo ni sukari."

Msikilizaji, hilo ndilo neno la leo.

(Muziki mfupi.)

Tuanze na sukari yenyewe. Sukari nyeupe ya dukani inatoka kwenye muwa. Kiwandani muwa unakamuliwa, maji yake yanachemshwa na kusafishwa mpaka zinabaki punje tupu za utamu. Ndani yake hakuna vitamini, hakuna protini, hakuna madini ya kujenga damu. Kuna nguvu ya haraka tu, kama moto wa majani makavu: unawaka mara moja, unazimika mara moja.

Ukiinywa kwenye chai inaingia kwenye damu upesi. Hapo mwili unatoa kitu kinachoitwa insulini, ambacho kinafungua milango ili sukari itoke kwenye damu iingie kwenye misuli ikafanye kazi. Mtu mwenye kisukari, insulini yake haitoshi au haifanyi kazi sawasawa. Sukari inabaki imejaa kwenye damu. Ikikaa hivyo miaka inaharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguuni. Ndiyo maana mama alijikwaa asisikie kitu.

Je, asali? Chukua asali uigawe mafungu kumi. Karibu mafungu nane ni sukari, na sehemu kubwa ya hayo mengine ni maji. Tena asali ni nzito, kwa hiyo kijiko kimoja cha asali kina sukari nyingi kuliko kijiko kimoja cha sukari yenyewe. Nilidhani ninampunguzia mama, kumbe namwongezea. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Sisi buyu halikuwa limeisha, mguu ndio ulikuwa unaisha.

Sukari ya kahawia je? Ni ileile, imebaki na rangi kidogo ya muwa. Sukari guru je? Ni ileile, imegandishwa tu. Zina ladha yake, lakini kwa damu ya mgonjwa wa kisukari zote ni ndugu wa tumbo moja.

Vipo pia vidonge vidogo vya kutia utamu, vinauzwa mijini, kama sakarini, na vingine vya majani ya mmea unaoitwa stevia. Hivi havipandishi sukari kwenye damu kama sukari yenyewe. Lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri watu wasivitegemee kwa kupunguza unene. Ushauri huo haukuwahusu wale ambao tayari wana kisukari, kwa hiyo mgonjwa aulize kliniki yake kwanza. Na mimi nasema kama mtu wa kambini: usiuze unga wa watoto kununua vidonge vya utamu. Ulimi unaweza kufundishwa bure.

(Muziki mfupi.)

Labda unasema: mimi sina kisukari, hiyo ni habari ya wazee. Ngoja kidogo.

Sukari haimo kwenye mgao wetu. Tunapewa unga, maharage au njegere, mafuta na chumvi. Sukari tunainunua, na mara nyingi tunainunua kwa kuuza sehemu ya mgao huohuo. Nyumba nyingi, mgao ukipungua, jioni watoto wanapewa chai ya rangi yenye sukari nyingi ili walale. Sikucheki, mama. Nyumbani kwetu pia tulifanya hivyo. Ile chai inadanganya tumbo, inanyamazisha njaa, lakini haimjengi mtoto. Kikombe kimoja cha unga uliouza kingempa uji. Isitoshe, chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga yasiingie mwilini vizuri, na bila madini hayo mtoto anapungukiwa damu. Kama chai ni lazima, ikae mbali na chakula, angalau saa moja.

Na meno. Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. Mtoto anayenyonya peremende na kunywa soda kila siku ndiye anayelia usiku akishika shavu.

WHO linashauri mtu mzima asizidishe vijiko vidogo 12 vya sukari kwa siku, na ni bora zaidi abaki chini ya vijiko 6. Hapo hesabu sukari yote ya kuongezwa: ya chai, ya maandazi, ya soda, na asali pia. Chupa moja ya soda ya kawaida ina kama vijiko 8. Vile vikombe vitatu vya mama, vijiko vinne vinne, peke yake vilikuwa vimefika 12.

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu. Mpaka afike miaka miwili, asipewe soda wala chai ya sukari. Na asali, nisikilize vizuri: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, hata kama ni dawa ya kikohozi ya bibi. Inaweza kuwa na vimelea ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda, vikamlegeza mwili mpaka ashindwe kupumua.

Sasa tusiitukane sukari kana kwamba haina kazi. Kuna siku mbili inaokoa maisha.

Ya kwanza ni siku ya kuhara. Kama huna pakiti ya ORS karibu, chukua maji safi ya kunywa lita 1, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga. Usizidishe. Mpe mgonjwa kidogo kidogo huku mkielekea kituo cha afya.

Ya pili ni siku mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa au sindano anapoanza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa. Hapo sukari imeshuka sana. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, mara moja. Kama amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni kituoni. Ndiyo maana hata leo, nyumbani kwetu, pale juu ya kabati kuna kifuko kidogo cha sukari. Si cha chai. Ni cha dharura ya mama.

(Muziki mfupi.)

Tulifanyaje basi? Mama hakuacha chai. Tulianza kuichemsha na mchaichai na tangawizi. Asali tulipunguza nusu kijiko kila baada ya siku chache, mpaka ikaisha kabisa. Mwanzoni alikunja uso. Baada ya kama mwezi hivi, jirani alimkaribisha chai yenye sukari, akarudi akisema: "Walinipa maji ya peremende."

Nesi alitufundisha pia kuhusu sahani. Ugali nao tumboni unageuka sukari, ila maharage na mboga vinaufanya uende polepole. Kwa hiyo nusu ya sahani ya mama sasa ni sombe au lengalenga, robo ni maharage, na robo ni ugali. Tunda tunampa kipande, alitafune, hatumkamulii juisi. Dawa anameza kila siku, na hatuzibadilishi kwa mizizi ya mtu yeyote. Na kila jioni mdogo wangu anamwangalia nyayo na katikati ya vidole kwa tochi.

Kidonda kilichukua miezi mingi kufunga. Kucha ya kidole kile haikurudi. Mguu tunao, tunamshukuru Mungu na yule nesi.

Msikilizaji, kama wewe au mtu wa nyumbani kwako ana kiu isiyoisha, anakojoa mara kwa mara, anakonda bila sababu, anachoka, macho yana ukungu au ana kidonda kisichopona, nenda kapime. Ni tone moja la damu kwenye kidole. Na ukishapimwa, usifanye kama mimi, nikashika neno moja nikaacha mengine. Uliza: nile nini, ninywe nini, na hiki je? Nesi hachoki kuulizwa kama anavyochoka kufunga kidonda.

Leo jioni, unapotia sukari kwenye kikombe, sawazisha kijiko kwa kidole. Kile kilima cha juu kirudishe kwenye kopo. Tuanzie hapo.

Mama ananisikiliza sasa hivi pale nyumbani. Mama, nakuja. Usininywee chai yangu yote.

Mbaki salama, mpaka kipindi kijacho.

(Muziki wa kufungia.)