KWA NINI MAHAKAMA ZIKO NGAZI KWA NGAZI
Maneno aliyosema mwanachama mmoja, mfanyakazi wa reli, mbele ya wenzake wa Kisii na Nyamira



Mimi si wakili. Nilisoma shule ya misheni, madarasa ya chini tu. Lakini jambo hili lilifika nyumbani kwetu.

Baba yangu mdogo, kule Nyamira, alishindwa mbele ya hakimu katika kesi ya mpaka wa shamba. Akasema, "Nitakwenda kwa mkubwa." Akangoja bonasi ya chai apate pesa za wakili. Miezi mitano ikapita. Alipokwenda akaambiwa siku za rufaa ni 30, naye hakuwa na sababu nzuri ya kuchelewa. Shamba likapotea hivyo.

Basi, ngazi hizi ni za nini? Sisi wa reli twajua. Mtu wa gengi akikosa koleo hamwandikii mkubwa wa Nairobi, humwambia nyapara. Na nyapara akikosea, yuko wa kumsahihisha.

Zamani Mwafrika alikuwa na mahakama zake za kando. Sheria ya 1967 ilizileta zote katika ngazi moja. Leo deni lisilopita shilingi 1,000,000 laweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, nawe waweza kujisemea mwenyewe. Mahakimu husikiliza madai makubwa zaidi kwa vyeo vyao, na hakimu mkuu mwisho wake ni shilingi 20,000,000. Juu yao iko Mahakama Kuu, na ya mashamba na ya kazi zina cheo sawa nayo. Halafu Mahakama ya Rufaa, ambayo kwa upande wetu hukaa Kisumu. Mwisho ni Mahakama ya Juu, Nairobi, iliyoletwa na Katiba ya 2010.

Faida ni tatu. Kwanza, neno dogo huisha karibu na nyumbani. Pili, kosa la mtu mmoja lapata macho mengine. Tatu, neno la juu huwafunga wa chini, hata mfanyakazi wa Kisii na wa Mombasa wakapimwa kwa kipimo kimoja.

Lakini angalieni sana: kadiri unavyopanda, mlango huwa mwembamba. Rufaa ya kwanza huutazama tena ushahidi ulioandikwa chini. Rufaa ya pili hutazama sheria tu. Kwa hiyo barua ya kazi, hati ya mshahara na mashahidi, vyote vipelekwe kule chini, mwanzoni. Usiweke kitu akiba kwa ajili ya mkubwa.

Tena, tangu 2018, mwenye mshahara usiopita shilingi 80,000 kwa mwezi aweza kupeleka madai yake ya kazi kwa hakimu aliyetajwa kwa kazi hiyo. Asikae, kwa maana madai ya kazi hufa baada ya miaka 3.

Ukishindwa, usilale juu ya hasira. Siku ile ile ya hukumu mwone katibu wa tawi, mkahesabu siku pamoja.