Deni na Msimu wa Mavuno



Ndugu wapendwa, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo,

Mkulima akishindwa kurejesha mkopo, hukumu yetu huwa ya haraka: si mwaminifu. Leo naomba tumtenganishe asiyetaka kulipa na asiyeweza.

Kwanza, tutazame kalenda ya shamba. Maharage huhitaji takriban miezi mitatu, mhogo huweza kuchukua mwaka mzima, na mbuni hauzai sawasawa kabla ya mwaka wa tatu. Lakini wakopeshaji wengi hudai marejesho kila juma. Mkulima wa Kalinzi atatoa wapi fedha hali kahawa ingali maua? Hukopa kwingine ili alipe huku, na hivyo huangukia mikopo iitwayo “kausha damu”.

Pili, wote wakivuna pamoja bei hushuka, na mwenye deni hawezi kungoja. Tatu, fedha ya mbegu huliwa na ugonjwa nyumbani. Kwetu ufukweni, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tulijifunza kwamba ziwa huweza kupumzika, lakini riba haipumziki.

Nne, tusifiche ukweli: wapo wanaodhani mkopo wa halmashauri ni zawadi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, haitozwi riba. Lakini isiporudi, jirani yako hakopeshwi. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa 2024.

Maandiko yanatudai pande zote mbili. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, yakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, maana ni kutwaa uhai wa mtu. Yoshua bin Sira, sura ya 29, amhimiza mwenye nacho akopeshe, na mkopaji arudishe kwa wakati.

Basi, kabla kikundi hakijang’oa mabati ya mwenzao, kiulize: hataki, au hana? Asiyetaka aonywe na awajibishwe. Asiye na uwezo aongezewe muda hadi mavuno. Nanyi viongozi, someni mkataba pamoja na wasiojua kusoma kabla hawajaweka dole gumba, mwulizeni mkopeshaji leseni yake, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka, na kila kikundi kiwe na mfuko wa dharura.

Deni lilipwe, lakini lisilipwe kwa jembe la mkulima.