Sheria ya Arusha, Mpaka wa Taveta

Mfanyabiashara anayetoka Voi kwenda Moshi kufuata vitunguu hupitia Mwatate, kisha Taveta, na kuingia Tanzania kwa Holili. Karatasi zake zote, za kutoka Kenya na za kuingia Tanzania, hugongwa muhuri upande wa Holili tu. Akirudi, shughuli hiyo hufanyika Taveta. Hicho ndicho kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2016.

Nyuma yake kuna sheria iliyotungwa na Bunge la Afrika Mashariki, ambalo watu wengi wa Taita Taveta hulisikia kwa nadra.

Bunge hilo lilizinduliwa Arusha tarehe 30 Novemba 2001. Kila nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupeleka wabunge 9 wa kuchaguliwa, na kwa Kenya kura hupigwa na Bunge la Taifa pamoja na Seneti, si na mwananchi. Mswada wa vituo vya pamoja ulipitishwa mwaka 2013, lakini haukuwa sheria hadi 2016, kwa kuwa marais wote sharti watie saini. Mmoja akikataa, mswada hurudishwa bungeni; akikataa tena, hufa. Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa chombo hiki.

Hata hivyo, udhaifu huo ni afadhali kuliko kukosa ushirikiano: wazee wa Taveta wanakumbuka mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika na Tanzania ikafunga mpaka. Ulifunguliwa tena 1983.

Msikilizaji, muulize mbunge na seneta wako: mliwapigia kura akina nani waende Arusha, na kwa nini?