HERUFI KUBWA KATIKA KUMBUKUMBU ZA VIKAO

(Matini ya mazungumzo kwa makatibu wa vikao na wapiga chapa)



Msemaji anaposimama kikaoni na kutamka kwamba dawa zimefikishwa mkoani, sikio halitambui herufi kubwa wala ndogo. Anayeamua ni katibu, pale anapoisikiliza kanda na kuandika. Akiandika "Mkoani", dawa zimefika katika mji wa bandari uliopo kusini-magharibi ya Pemba. Akiandika "mkoani", zimefika mahali fulani katika mkoa, wala haijulikani ni wapi. Miezi sita baadaye, atakayezitafuta dawa hizo hatakuwa na shahidi ila karatasi.

Wazee walioandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu hawakuwa na herufi kubwa, kwani hati hizo hazinazo; maana ilipatikana kwa mtiririko wa maneno. Hati za Kilatini zimeleta alama ya ziada, na alama hiyo ikitumika ovyo hupotosha.

Kwa hivyo inatakiwa yafuatayo yazingatiwe:

1. Jina la mtu, la mahali na la chombo maalumu lianze kwa herufi kubwa: Mji Mkongwe, Baraza la Wawakilishi. Baraza ya nyumba ni baraza tu.

2. Cheo kianze kwa herufi kubwa kinapotangulia jina, au kinapomkusudia mshika cheo mmoja anayejulikana: "Waziri wa Afya alijibu". Kinapotajwa kwa ujumla, ni herufi ndogo: "kila waziri", "masheha wote".

3. Mapinduzi ya 12 Januari, 1964 huandikwa kwa herufi kubwa. Mapinduzi ya kilimo kwa ndogo.

4. Neno likianza sentensi, herufi kubwa haielezi kitu. Pakiwa na shaka, msemaji aulizwe kabla ya kumbukumbu kuthibitishwa, na ufafanuzi uwekwe ndani ya mabano ya mraba. Maneno yake yasibadilishwe.

Ipo desturi ya kukuza herufi kwa ajili ya kumstahi mkubwa. Adabu ni jambo jema, lakini kumbukumbu si barua ya salamu. Sheha na Waziri waandikwe kwa kanuni ile ile moja, tangu mwanzo hadi mwisho wa waraka.

Mwenye kalamu amepewa amana. Kauli iliyotamkwa haina budi kumfikia msomaji kama ilivyokusudiwa.