Karama ya Kushika Usukani

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi, Nyalenda)

Niliombwa nizungumze juu ya karama za Roho katika maisha ya kila siku.

Katika 1 Wakorintho 12:28 Mtume Paulo anataja mitume, manabii, walimu, miujiza na kuponya. Halafu, kabla hajafika kwa kunena kwa lugha, anaweka karama mbili ambazo sisi hatuziombei hata siku moja: kusaidia na kuongoza. Sasa, hilo neno la kuongoza, kwa Kigiriki alichoandika Paulo, linatokana na kazi ya kuendesha chombo majini. Ni mshika usukani. Sisi tunaoishi karibu na Dunga tunamjua mtu huyo. Wengine wanavuta nyavu, yeye ameketi nyuma, hana kelele. Lakini akisinzia, nyote mko majini.

Haya, tunamchaguaje mweka hazina wa kikundi? Mara nyingi tunampa yule anayeomba kwa sauti kubwa. Mama anayejua hesabu, anayekumbuka nani amelipa na nani bado, tunamwambia apike chai. Mwisho wa mwaka sanduku linafunguliwa, pesa hazitoshi, tunasema shetani ameingia kikundini. Jameni, wakati mwingine shetani anasingiziwa! Tulimpa mtu usukani ambao hakupewa na Mungu.

Mtu ataniuliza, hesabu si ni kipaji tu, hata asiyeamini anacho? Ni kweli. Lakini someni Kutoka 31. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu, na kazi yake ilikuwa kuchonga mbao na kufua dhahabu na fedha. Hakuhubiri. Na Paulo, katika sura ile ile ya 12, anasema Roho hutolewa kwa faida ya wote. Kwa hiyo mimi huuliza swali moja: ujuzi wako unamfaidi nani?

Tuangalie maji. Visima vingi vya hapa Nyalenda ni vifupi na vyoo viko karibu. Mnajua tunavyoogopa kipindupindu. Tangu miaka ya 2000 kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, imekuwa ikiuza maji kwa jumla kwa vikundi na watu wa mtaa, nao wanayafikisha kwa majirani, wanasoma mita na kukusanya pesa. Kijana anayesoma mita ya mjane bila kuongeza hata yuniti moja, huyo anamtumikia Mungu Jumanne asubuhi, mvua ikinyesha, na hakuna kwaya.

Tena Warumi 12:8 inataja kurehemu. UKIMWI ulipotumaliza hapa Nyanza miaka ya 1990, kabla dawa za ARV hazijawafikia watu wetu, kuna akina mama walioingia nyumba ambazo jamaa wenyewe waliogopa kuingia. Waliosha wagonjwa, wakawanywesha uji, wakafua mashuka. Hakuna aliyewaita manabii. Wengine hata viti vya mbele kanisani hawakupewa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Lakini msinielewe vibaya. Karama haimwondolei mtu ukaguzi. Paulo alipokuwa akishughulikia mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, hakutaka pesa zile zibebwe na mtu mmoja. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba ndugu mwingine alichaguliwa na makanisa asafiri pamoja nao, ili mtu asipate la kulaumu. Kama mtume alikubali kusindikizwa, mweka hazina wetu atakasirika kwa nini akiulizwa daftari? Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo zishikwe na watu watatu wa nyumba tofauti, na mweka hazina asiwe mmoja wao. Hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, hata wasiojua kusoma, maana hao mara nyingi ndio wanaokumbuka vizuri zaidi.

Basi kabla ya mchango ujao, kila kikundi kikae. Msimuulize mtu karama yake, atasema hana. Waulizeni majirani zake: shida ikiingia usiku, mnabisha mlango wa nani, na kwa shida gani? Andikeni majina hayo. Halafu yalinganisheni na orodha ya kamati mliyo nayo sasa.